Kutoka Garissa hadi Jeddah: Anga Fupi, Njia Ndefu



Kila mwezi wa Rajab unapokaribia, swali moja huanza kuzunguka katika nyumba za jamaa zetu wa Garissa, nalo hutufikia hadi huku pwani kwa njia ya simu: kutoka hapa hadi Jeddah ni saa ngapi? Anayeuliza aghalabu ni binti au mkaza mwana, kwa niaba ya mama aliyekwisha kuweka nia ya Umra. Anayejibu huwa ni muuza tiketi, naye hujibu pasi na kufikiri: saa nne. Jibu hilo si la uongo. Ndege itokayo Nairobi moja kwa moja hukaa angani kwa muda wa saa nne hivi mpaka Jeddah. Lakini mama hakai katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Anakaa Garissa, ng'ambo ya mto Tana, na safari yake huanzia mlangoni pake.

Sisi wenyewe tulilipokea jibu hilo na tukalala nalo. Shangazi yetu, ambaye aliolewa Garissa tangu ujana wake na mpaka leo ana Kiswahili cha pwani na Kisomali cha huko, alikuwa katika mwaka wake wa 70 na kitu alipojaaliwa kwenda Umra. Alipoambiwa "saa nne", kwanza alidhani anatajiwa saa ya kufika, akauliza ni saa nne ya usiku au ya asubuhi. Tukacheka. Yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli kuliko sisi, kwa kuwa alikuwa akiuliza jambo lenye maana: nitafika lini?

Tutakieleza kisa chake, lakini kwanza tuitazame ramani, maana ramani yenyewe ina mambo ya kumfurahisha Muislamu.

Mji wa Garissa uko katika longitudo ya nyuzi 39 na dakika 39 mashariki. Makka iko nyuzi 39 na dakika 50. Tofauti ya dakika hizo 11, ikipimwa juu ya ardhi, ni kiasi cha kilomita 20 tu. Lau mtu angetoka Garissa akaelekea kaskazini bila kupinda kulia wala kushoto, angevuka Ethiopia yote, angetokea pwani ya Eritrea karibu na bandari ya Massawa, angevuka Bahari ya Shamu, na hatimaye angepita pembeni mwa Makka kwa umbali huo wa kilomita 20. Mombasa nayo iko karibu sawasawa juu ya mstari huo huo. Si ajabu, basi, kwamba katika Kiswahili cha wazee wetu neno kibla limetumika pia kwa maana ya kaskazini. Kwa watu wa mwambao huu na wa Garissa, kibla na kaskazini ni upande mmoja. Wa Lamu na Wajir hupinda kidogo mno kuelekea magharibi. Wa Mandera hupinda zaidi, kiasi cha nyuzi sita au saba.

Na kwa kuwa miji hii imo katika mstari mmoja, jua huwafikia utosini, yaani hukata mbingu katikati, kwa wakati mmoja. Kati ya adhuhuri ya Garissa na adhuhuri ya Makka hakuna hata dakika moja kamili. Saa za ukutani ni zile zile pia, kwani Kenya na Saudia zinafuata majira mamoja. Wakati mwadhini wa Garissa anapopanda kuadhini adhuhuri, mwadhini wa Msikiti Mtukufu naye yuko katika dakika iyo hiyo. Magharibi na alfajiri ndizo zinazotofautiana, kwa sababu Makka iko mbali na ikweta na mchana wake hurefuka na kufupika kuliko wetu. Katika mwezi wa Julai, watu wa Garissa huwa wamekwisha kuswali magharibi kwa zaidi ya nusu saa kabla jua la Makka halijazama. Disemba mambo hugeuka.

Mwenye kutaka kuhakikisha kibla cha nyumba yake hana haja ya simu wala dira. Mara mbili kwa mwaka jua husimama juu ya Kaaba yenyewe: tarehe 27 na 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 na 16 Julai, saa sita na dakika 27. Simamisheni kijiti kikiwa wima penye uwanja ulio sawa, na mtazame kivuli chake katika dakika hiyo. Mstari unaotoka ncha ya kivuli kurudi kwenye shina la kijiti ndio unaoelekea Kaaba. Huku kwetu mtakiona kivuli kimelala kusini moja kwa moja. Watoto hulipenda zoezi hili, na halina gharama.

Hivyo ndivyo anga ilivyo: imenyooka na ni fupi. Kutoka Garissa hadi Jeddah, kwa mstari wa angani, ni kilomita 2,460 hivi. Kutoka Wajir ni kama 2,200. Kutoka Mandera, pembe ya mwisho kabisa ya Kenya, ni karibu na 2,000 tu. Sasa ulinganisheni umbali huo na ule wa Nairobi, ambao ni kilomita 2,570. Yaani mama wa Mandera, anapokaa barazani kwake, yu karibu na Jeddah kwa zaidi ya kilomita 500 kuliko mama wa Nairobi. Lakini wa Nairobi ndiye atakayefika kwanza, na kwa mbali, kwa sababu ndege ya Jeddah inaondoka kwake. Wa Mandera hana budi kwanza kurudi nyuma kilomita 800 za angani kuelekea kusini-magharibi, akikipa kibla mgongo, ndipo aanze kwenda anakokwenda. Wa Garissa naye hurudi nyuma kilomita 370 za lami. Uwanja wa ndege wa Garissa upo, lakini ni wa ndege ndogo; safari ya Jeddah haianzii hapo.

Barabara ya Garissa hadi Nairobi, ipitayo Mwingi na Thika, ni nzuri ukilinganisha na nyingine za kaskazini mashariki, na basi huimaliza kwa muda wa saa sita au saba, pamoja na vizuizi vya polisi ambapo abiria huonyesha vitambulisho. Hiyo ni siku njema. Siku mbaya nazo zipo, na aghalabu sababu yake ni maji. Wakati wa mvua za El Nino, Novemba 2023, mafuriko ya mto Tana yaliikata barabara hii upande wa Mororo na Madogo, mlangoni kabisa mwa Garissa. Magari yakasimama pande zote mbili na watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Katika masika ya mwaka 2024 yakarudi yale yale, na mwishoni mwa Aprili mashua iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka, watu wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Aliyekuwa na tiketi ya ndege katika siku hizo, umbali wake na Jeddah ulikuwa ule ule wa kilomita 2,460. Kilichomshinda ni kipande cha maji ambacho ng'ambo yake alikuwa akiiona kwa macho.

Kwa jamaa wa Mandera maji si hofu peke yake. Barabara yao hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,000, na imemwaga damu ya wasafiri. Wengi wetu tunakumbuka basi lililovamiwa karibu na El Wak mwezi wa Disemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwenye uwezo wa nauli ya ndege ndogo hadi Nairobi hapendi kuifuata njia hiyo, na asiye na uwezo huifuata akiwa na dua. Wanazuoni wanapotaja uwezo ulio sharti la Hija, hawakomei kwenye mfuko. Wanataja pia afya ya mwili na amani ya njia. Huko kaskazini mashariki maneno hayo husomwa yakiwa na sura za watu na majina ya mahali.

Turudi kwa shangazi.

Tiketi yake ilikuwa ya bei nafuu, nasi tulifurahi kwa unafuu huo. Haikuwa ya moja kwa moja. Ilipitia mji mmoja wa Ghuba. Aliyetuuzia alisema kwamba atapumzika kidogo pale njiani kisha ataendelea. Hakusema kidogo ni kiasi gani, nasi hatukuuliza, na katika hilo lawama ni yetu pamoja naye.

Shangazi alitoka Garissa Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kuswali alfajiri nyumbani. Alifika Eastleigh saa nane mchana, akapumzika kwa jamaa. Saa mbili usiku alikuwa uwanjani, kwa sababu abiria hutakiwa wawahi saa tatu kabla. Ndege ikaruka saa tano u nusu usiku. Akafika Ghuba alfajiri, baada ya muda wa saa tano angani, akiwa ameelekea kaskazini mashariki, mahali ambapo si njia ya Makka. Hapo akakaa kitini muda wa saa saba. Viatu vikambana, miguu ikavimba, na dawa zake za presha zilikuwa ndani ya begi kubwa lililokwisha kupakiwa. Ndege ya pili ikachukua saa tatu. Akashuka Jeddah Jumanne saa tisa u nusu alasiri. Pasipoti na mizigo vikamchukua mpaka saa kumi na mbili jioni. Akaingia Makka saa mbili usiku.

Tulihesabu baadaye kwa vidole: muda wa saa 38 kutoka mlango hadi mlango. Katika hizo, saa nane tu alikuwa angani. Zile nyingine 30 zilikuwa za barabara, foleni, viti vya kusubiria na milango ya ukaguzi. Hizo hazimo katika jibu la muuza tiketi.

Uchovu ni jambo la kupita. Alilala siku moja akaamka. Lililobaki lilikuwa zito zaidi. Katika darsa la wasafiri alilohudhuria Garissa, alifundishwa vizuri kwamba mikati ya watu wajao kutoka upande wa Yemen na kusini ni Yalamlam, na kwamba ndege inayotoka Nairobi inapokaribia Jeddah, rubani hutangaza, na hapo hutia nia ya ihramu. Ni mafunzo sahihi kwa ndege itokayo Nairobi. Lakini ndege itokayo Ghuba haiji kwa upande wa kusini. Huja kutoka mashariki, ikakatiza bara Arabu, na mikati inayokutana nayo ni Qarn al-Manazil, upande wa Taif. Tiketi ilipobadilika njia, mikati nayo ilibadilika, na hakuna aliyemwambia.

Tangazo lilitolewa, kwa Kiarabu na Kiingereza. Shangazi hajui lugha hizo, na alikuwa amelala usingizi wa mtu aliyekesha usiku kucha. Ndege kubwa huenda kilomita 13 au 14 kwa kila dakika. Aliyesinzia kwa robo saa amepitwa na kilomita 200. Alipozinduka, magurudumu yalikuwa yanagusa ardhi ya Jeddah, naye hajatia nia. Akalia hapo kitini.

Sheikh aliyekuwa na kundi lao alimtuliza na kumweleza hukumu: aliyekusudia Umra akaivuka mikati bila ihramu hutakiwa arudi kwenye mikati akahirimie huko, na asiporudi ni juu yake kuchinja. Kurudi, kwa miguu ile iliyovimba, hakukuwezekana. Alihirimia Jeddah, akafanya Umra yake, na fedha alizoziweka kwa ajili ya zawadi za wajukuu zikanunua mbuzi wa kuchinjwa kwa ajili ya mafakiri wa Haram. Aliporudi hatukumuuliza kwa nini begi ni jepesi.

Kwa hiyo twawaambia wenzetu: nia inaweza kutangulia. Katika madhehebu ya Imamu Shafii yanayofuatwa na wengi wetu, ihramu iliyotiwa kabla ya mikati inasihi. Mwenye kuhofia usingizi, au lugha, au sauti ya spika za ndege isiyosikika, na atie nia mapema. Kwa anayepitia Ghuba, hata pale anapopanda ndege ya pili. Kwa mwanamke jambo hili ni jepesi zaidi, kwani hana mavazi maalumu ya kubadili. Ni nia na talbiya, na kujiepusha na nikabu na glovu na mengine yaliyokatazwa. Na yule ambaye ziara yake inaanzia Madina hana haja ya kuhirimia angani. Yeye atahirimia Dhul-Hulayfa, mahali panapojulikana siku hizi kwa jina la Abyar Ali, atakapotoka Madina kwenda Makka.

Jambo moja la fiqhi linatupendeza hapa, nalo linafanana sana na habari hii ya kilomita na saa. Mafaqihi wa Kishafii waliposema ni safari ipi inayoruhusu kupunguza Swala, walitaja marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa wanyama waliopakia mizigo. Kipimo hicho kilianza na muda: siku mbili. Lakini kikageuzwa kuwa umbali, farsakhi 16, ambazo kwa hesabu za siku hizi ni kilomita 80 na kitu. Kisha wakasema wazi kwamba atakayeukata umbali huo kwa muda mfupi naye ni msafiri vile vile. Walisema hivyo kabla ya kuwepo ndege, basi wala gari moshi. Aliyetoka Garissa kwenda Dadaab, safari ya kilomita 100 hivi, ni msafiri hata kama atafika kabla chai haijapoa kwenye chupa. Rukhsa inatokana na umbali, na taabu ya mtu binafsi haihesabiwi. Ni rehema, maana nani angeweza kuipima taabu ya kila mmoja?

Wazee wetu wa mwambao wao waliupima umbali wa Jeddah kwa pepo. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, kutoka upande wa Arabuni kuja kwetu. Kusi huanza Aprili na kuwarudisha. Mtu wa Lamu au Mombasa aliyetaka kuhiji kwa jahazi alingoja kusi, akafuata pwani ya Somalia, akazunguka Pembe, akaingia Aden, ndipo akapita mlango wa Bab el-Mandeb na kupanda Bahari ya Shamu. Hizo ni zaidi ya kilomita 4,000 za bahari, na kwa kuwa pepo zina majira na mwezi wa Mfunguo Tatu huzunguka mwaka mzima, kuna miaka iliyomlazimu mtu kutoka kwao miezi mingi kabla na kurudi mwaka uliofuata. Aliandika wasia kabla ya kutoka. Familia haikuuliza ni saa ngapi. Iliuliza ni msimu gani.

Hatusemi kwamba enzi ile ilikuwa bora. Twasema tu kwamba wao hawakudanganyika: walijua kwamba njia ni ndefu, wakajiandaa kwa urefu wake.

Mfano mwingine wa muda unaorefuka ilhali umbali ni ule ule uko hapo hapo kaskazini mashariki, katika uwanja wa ndege wa Wajir. Familia nyingi za Garissa na Wajir zina jamaa Mogadishu, na kutoka Mogadishu hadi Nairobi ni kilomita 1,000 tu za angani, safari ya saa moja u nusu. Kwa miaka mingi ndege hizo zililazimishwa kutua Wajir kwa ukaguzi wa usalama. Abiria hushuka na mizigo yao yote, hukaguliwa, kisha hupanda tena kwenda Nairobi. Mkipima katika ramani mtaona kupitia Wajir hakuongezi umbali sana. Ni kilomita 70 hivi. Lakini kuteremka mtoto mgongoni na begi mkononi, kupanga foleni katika joto la Wajir na kuanza upya ni jambo la saa kadhaa, na kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Nairobi saa hizo zina uzito mwingine. Amri hiyo iliondolewa, kisha Mei 2019, wakati Kenya na Somalia zilipokuwa katika mzozo wa mpaka wa baharini, ikarudishwa, na Novemba ya mwaka huo marais wa nchi mbili wakakubaliana safari za moja kwa moja zirejee. Mei 2021 Kenya ikasimamisha kabisa ndege za Somalia. Mwezi uliofuata ikaziruhusu. Usalama ni haki ya kila raia na hatupingi ukaguzi. Lakini bibi aliyepanga kuhudhuria arusi ya mjukuu wake Garissa katika miezi hiyo hakuweza kumwambia mtu yeyote atafika siku gani, na ramani isingemsaidia.

Kwa hiyo, mnapomtafutia mama tiketi, msiridhike na jibu la saa nne. Ulizeni saa ya kutoka nyumbani na saa ya kuingia Makka, na baina yake atakaa kitini wapi na kwa muda gani. Tiketi inayopitia Addis Ababa haipotei njia sana, kwani mji huo uko karibu na mstari ule ule wa kaskazini: muda wa saa mbili kutoka Nairobi, na saa mbili na kitu kutoka huko hadi Jeddah. Inayopitia Dubai inampeleka kilomita 3,550 kwanza, kisha kumrudisha 1,700 kuelekea magharibi, karibu maradufu ya njia ya moja kwa moja, na saa ya huko iko mbele kwa saa moja. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, tunaona ni heri kuilipa. Ikiwa kubwa, basi mama alale Nairobi usiku mmoja kabla, wala asishuke kwenye basi akapanda ndege siku iyo hiyo. Na katika miezi ya mvua hilo la kulala Nairobi si anasa. Mto Tana hauna ratiba.

Dawa zikae katika mkoba wa mkononi, zote, pamoja na karatasi ya daktari. Anayetumia insulini asiipeleke kwenye begi kubwa hata kidogo. Anayesafiri moja kwa moja ataendelea kumeza kwa saa zile zile za nyumbani, maana majira ni mamoja. Ndani ya ndege anyanyuke kila baada ya muda, atembee hadi mwisho wa viti na kurudi, anywe maji hata kama anachukia kwenda msalani. Mkatieni kiti cha upande wa njia, si cha dirishani. Wajukuu humtakia dirisha ili aone mawingu. Bibi mwenye magoti mabovu hana haja na mawingu.

Chanjo nazo zina saa zake. Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na ile ya homa ya uti wa mgongo inatakiwa iwe imechomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudia. Anayekwenda kuchanja wiki ya safari amekwisha kuchelewa, hata kama ndege yake itaruka kwa wakati.

Na mhesabu pia mwisho wa njia. Uwanja wa Jeddah si Makka. Baina yake kuna kilomita 80 hadi 90 za barabara. Wakati wa Hija, mahujaji hupokelewa katika jengo lao maalumu lenye mapaa yaliyo mfano wa mahema makubwa, lililofunguliwa mwaka 1981, na hapo kungoja muda wa saa kadhaa ni jambo la kawaida. Tangu mwaka 2018 pia kuna treni ya Haramain inayounganisha Makka na Madina, umbali wa kilomita 450, ambayo ina kituo uwanjani hapo. Kwa wasiosafiri katika kundi la Hija ni nafuu kubwa, ingawa mwenye mizigo mingi bado atapendelea gari linalomfikisha mlangoni mwa hoteli.

Mwaka huu, kwa uwezo wake Allah, ni zamu ya dada yake shangazi, ambaye anaishi naye huko huko Garissa. Tiketi tumeikata ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Ataondoka Garissa siku mbili kabla. Binti yake amemwandikia kikaratasi kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, chenye saa ya ndege kuruka, na chini yake, saa tatu mbele, neno moja: NIA. Shangazi alikichukua, akakisoma, akaomba kalamu. Aliikata ile saa tatu akaandika saa mbili u nusu, akasema, "Mwanangu, mimi ninaujua usingizi wa ndege."